Mzinga kimya, nyuki wamekufa?

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Minnesota, Marekani. Mzinga wangu wa uani umefunikwa na theluji na sioni nyuki hata mmoja. Niufungue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiufungue, utawamwagia joto lao lote! Bandika sikio ubavuni, gonga mara moja kwa kidole. Ukisikia mvumo unapanda kisha unatulia, wazima. Wamebanana kwenye masega kama tufe, malkia katikati, wanatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka. Wa nje hupokezana na wa ndani. Kuni zao ni asali, na kwa baridi ya huko wanahitaji karibu kilo 40.

Ninachokiogopa zaidi ni unyevu. Nilipoishi Wisconsin, jimbo jirani na lako, niliziba kila tundu kwa huruma. Mvuke wa pumzi zao ukagandia kifuniko, ukawadondokea. Februari nikawakuta wamelowa chapachapa, wamekufa, na asali tele juu yao. Bado inaniuma. Acha tundu dogo juu, ondoa theluji mlangoni. Siku ya jua watatoka kujisaidia. Ukiona madoa ya manjano kwenye theluji, furahi, mwanangu.