Vigae vya bafuni vilivyokataliwa getini

Pole dada, umesema kituo cha taka walikudai hela ya vigae vya bafuni, kisha wakakurudisha getini kwa sababu ya gari la mizigo la kuazima. Kama umebomoa bafu mwenyewe na vigae vilijaa mifuko miwili tu, hukupaswa kudaiwa hela hiyo. Tangu 31 Desemba 2023 halmashauri za England haziruhusiwi kumtoza mkazi kwa kifusi cha namna hiyo, mradi kisizidi mifuko miwili ya lita 50 kwa safari, na safari zisizidi nne ndani ya wiki nne. Ukimlipa fundi akubomolee, hapo habari nyingine.

Ila kukurudisha kwa gari la mizigo la kuazima, hapo walikuwa na haki. Halmashauri nyingi zinadai kibali cha gari kama hilo, na kila moja ina masharti yake. Kwangu ni kuweka nafasi mtandaoni, tena uje na barua yenye anwani. Nilishafika na godoro juu ya gari, mvua inapiga, kijana wa getini akachungulia orodha: "Nafasi yako ni kesho." Nikarudi nalo, likalala sebuleni linachuruzika maji. Na usijaribu kwenda kwa miguu na toroli, vituo vingi haviruhusu kabisa. Asiye na gari sijui wanataka ameze taka zake!