Mkubwa Anapotaka Kuingia kwenye Seva Akiwa Nyumbani

Kijana mmoja wa Likasi ameniandikia wiki hii. Informatiki ya kampuni yao yote iko mikononi mwake peke yake, na direkta wa fedha anataka kuingia kwenye seva akiwa nyumbani, tena leo, si kesho. Kijana alikataa. Tangu hapo salamu zake haziitikiwi kwenye korido. "Yaya, nikifungua nitajuta, nisipofungua nitafukuzwa. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, umekuja kwa mtu anayeijua korido hiyo. Najua wengi mnaonisoma mmetoka chuo cha ISS au chuo kikuu kule Kasapa, na hakuna hata mmoja wenu anayetaka kuzeeka akibadilisha wino wa printa. Wote mnataka siku moja muitwe DSI, mkuu wa informatiki yote ya kampuni. Basi nisikilizeni, maana njia ya kufika huko inapita katikati ya ugomvi huu huu.

Mimi nilianzia kwenye kampuni ya usafirishaji na forodha hapa Lubumbashi. Malori yanakwenda mpakani Kasumbalesa, mafaili yanashinda kwetu, direkta jenerali anakaa Kinshasa. Seva ilikuwa moja, ndani ya chumba kidogo ambamo pia mlihifadhiwa karatasi za fotokopi. Aliyenitangulia alikuwa amewafungulia wakubwa remote desktop ya Windows, yaani njia ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali, moja kwa moja kwenye intaneti, kwa mlango unaoitwa poti 3389, bila VPN (njia ya faragha yenye kufuli ndani ya intaneti), bila chochote. Mtu yeyote duniani akiijua anwani anaona dirisha la kuandika jina na neno la siri. Na wala si lazima aijue. Kuna programu zinazozunguka usiku na mchana zikigonga anwani zote za intaneti, moja baada ya nyingine, kutafuta poti hiyo hiyo. Nilifungua rejista ya usalama ya Windows, nikakuta 4625, ile namba ya mtu aliyejaribu kuingia akashindwa, mstari juu ya mstari. Majina yaliyojaribiwa: admin, administrator, user, test, compta. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu akaunti ya kontabilite kwetu iliitwa hivyo hivyo.

Nilifunga poti siku ile ile, na ningeifunga tena. Asubuhi nilikuwa nimewatumia wote barua pepe, lakini nani anasoma barua pepe ya informatiki? Tarehe 15 ilikuwa karibu sana, na kila mhasibu wa nchi hii anajua tarehe 15 ni siku gani: deklarasio ya TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya mwezi uliopita lazima iwe imefika DGI, ofisi ya kodi. Jioni hiyo Mama mhasibu mkuu, nyumbani kwake Ruashi, akamaliza shughuli za jikoni, akawasha laptopu, akaandika neno lake la siri. Hakuna kitu.

Kesho yake hakunisalimu. Alisimama mlangoni pa chumba cha seva, mkoba ukiwa bado mkononi, na biro nzima inasikia:

"Mudogo, we unachungaka nini mule ndani? Shaba?"

Walicheka wote. Nami nilicheka, kwa sababu ni mama wa rika la mama yangu mzazi, na mama wa watu hajibiwi mbele ya watu. Lakini jina la "mlinzi wa shaba" lilinibaki. Hata kwenye sikukuu ya mwisho wa mwaka mtu wa magari alilirudia kwenye hotuba yake, akiwa na glasi mkononi. Nikiandika haya bado linaniuma kidogo, siwafichi.

Majuma yaliyofuata nayapita, yalikuwa ya barua tu: yeye anaomba, mimi najibu kwamba tunangoja direkta jenerali akubali ruta (mashine inayotuunganisha na intaneti) yenye VPN, direkta jenerali "anaangalia". Mama hakungoja. Jumamosi moja alimleta mpwa wake, mwanafunzi mwenye akili sana, nakubali, akamwekea AnyDesk, programu ya kuongoza kompyuta ukiwa mbali, kwenye kompyuta ya biro. Aliiweka kwa ile namna ya kuingia bila mtu wa upande wa pili kubonyeza "kubali", na neno la siri likawa jina la kampuni na mwaka. Niliigundua nilipoona kompyuta ya kontabilite ina shughuli Jumapili usiku na biro imefungwa.

Sisemi AnyDesk ni programu mbaya. Wengi wetu tunasaidia wateja nayo kila siku. Ila Februari 2024 kampuni yake yenyewe ilitangaza kwamba mifumo yake imevamiwa, ikawataka wateja wabadilishe maneno ya siri. Sasa jiulize: kama hujui iko kwenye kompyuta gani, utabadilisha neno la siri la nani?

Niliiondoa. Mama akaandika kwa direkta jenerali, nakala kwa wakuu wote wa idara: "Informatiki inazuia kazi." Jina langu ndani, limeandikwa lote, kana kwamba tuko wengi kwenye hiyo informatiki.

Tuliitwa kwenye kikao kwa simu, saa tatu ya kwetu, saa mbili ya Kinshasa. Na hapa, vijana, fungueni masikio. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nikaeleza Colonial Pipeline, bomba kubwa la mafuta la Marekani lililosimamishwa Mei 2021. Wavamizi waliingia kwa akaunti ya VPN ambayo haikuwa ikitumika tena, iliyolindwa kwa neno la siri peke yake, bila kodi ya pili ya simu, yaani namba ya muda unayoandika baada ya neno la siri, na kampuni ikawalipa wavamizi fidia ya dola milioni 4.4 hivi. Nikanyamaza, nikingoja mshtuko.

"Ile ni Marekani," akasema direkta jenerali.

Nilihisi Mama mhasibu anatabasamu, ingawa nilikuwa nimeangalia meza. Ndipo nikaacha mambo ya Marekani. Nikasema: "Shefu, wakitufungia seva usiku huu, kesho asubuhi malori yetu yaliyoko Kasumbalesa hayana karatasi. Yatalala mpakani, na kila siku ya kulala tunailipa." Simu ikakaa kimya. Kisha akauliza ruta inagharimu kiasi gani.

Ushauri wangu wa kwanza ni huo: mkubwa usimweleze habari za wavamizi, mweleze habari za malori. Kama ni hospitali, mweleze habari za dawa. Kama ni shule, karo. Siku hizi ningeongeza na sheria, maana nchi yetu ina Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, tangu tarehe 13 Machi 2023, inayomtaka anayeshika data za watu azilinde, na wakubwa wengi husikia vizuri neno "sheria" kuliko neno "usalama". Na akikwambia hayo ya 2021 ni ya zamani, mwambie Februari 2024 Change Healthcare, kampuni ya malipo ya matibabu ya huko huko Marekani, iliingiliwa kwa njia hiyo hiyo, mlango wa kazi ya mbali usiokuwa na kodi ya pili, fidia dola milioni 22. Lakini anza na malori.

Ushauri wa pili ndio uliobadilisha maisha yangu: acha kusema hapana. Hapana yako haina uzito, wewe ni petit wa informatiki tu. Nilitengeneza karatasi ya ukurasa mmoja. Anayeomba anaandika anataka kufanya kazi gani, kwa programu gani, kwenye kompyuta gani ya kampuni, na hadi tarehe gani. Chini anatia sahihi mkuu wa idara yake, si mimi. Basi. Ghafla maombi yakapungua kuliko nusu, kwa sababu kuna wakuu waliokuwa wakinipigia kelele "mfungulie huyo kijana", na kalamu ilipowafikia wakagundua kwamba huyo kijana hana haja hasa ya kuingia usiku. Waliobaki walikuwa na kazi ya kweli. Mama mhasibu alikuwa wa kwanza kujaza, kwa mwandiko mzuri wa masista, na mahali pa tarehe ya mwisho akaandika: "Hadi nife." Nilimrudishia. Tukaelewana miezi mitatu mitatu.

Tarehe hiyo msiidharau. Hapa kwetu watu wanaondoka kila wakati kwenda migodini Kolwezi, na akaunti zao zinabaki nyuma zikiwa hai. Nilipohesabu majina kwenye seva niliona ya mtu ambaye hata aliyenitangulia hakuwahi kumfahamu. Colonial waliumizwa na akaunti ya namna hiyo hiyo.

Sasa ufundi, kwa kifupi, maana haya mnayajua. VPN kwanza, remote desktop ndani yake, na poti 3389 isionekane kabisa kutoka nje. Programu ya kontabilite usiiache ivute faili lake kupitia VPN kwa mega za simu. Mtandao ukikatika katikati ya kuandika, faili linaharibika, na utakayelaumiwa ni wewe. Mtu aingie kwenye kompyuta ya biro, kazi ifanyike kule kule, kwake zije picha za skrini tu. Mtandao ukikatika anarudi na kukuta kila kitu kama alivyokiacha.

Kodi ya pili, tumieni programu ya simu inayotoa tarakimu sita kila sekunde 30, msitegemee SMS. Haihitaji mtandao wala kredi. Inahitaji saa sahihi tu, na hapo kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitawaambia. Mama alipotumwa Kinshasa, simu yake ilikuwa imezimwa ule mpangilio wa saa ya kujirekebisha yenyewe. Aliposhuka ndegeni akarudisha saa nyuma kwa mkono, maana Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Kuanzia hapo kodi zote zikakataliwa. Programu inahesabu kwa saa ya dunia, na simu, ambayo bado iliamini iko Lubumbashi, ilidhani kweli ni saa moja kabla. Akanipigia akiwa hotelini: "Umenifungia tena!" Nikamwambia, Mama, rudisha saa ijiweke yenyewe. Akairudisha, akaingia, akakata simu. Asante sikuisikia, labda mtandao.

Halafu SNEL, kampuni ya umeme. Umeme ukienda na betri zikiisha, seva inazimika, na mtu aliye nyumbani hajui kama ni umeme au ni wewe. Atasema ni wewe. Mimi niliomba betri kabla ya kugawa VPN kwa watu wengi, na nikafungua kikundi cha WhatsApp chenye kazi moja tu: umeme umekwenda, umeme umerudi, seva imewaka. Ugomvi ulipungua kuliko kwa mashine yoyote niliyonunua. Watu wengi wa biro hawachukii kukatiwa, wanachukia kutoambiwa. Na ninyi vijana mna tabia hii, mnajifungia na skrini zenu, mnadhani kujua ni kutosha. Haitoshi! Toka nje, pita meza kwa meza, uliza Mama leo anafunga nini, Papa wa magari anangoja karatasi gani. Mtu anayejua tarehe 15 ya wenzake hafanyi kazi kwenye poti siku mbili kabla bila kumpigia simu anayehusika. Barua pepe si kuongea. Nilijifunza kupiga simu, na leo mimi ndiye DSI mahali pengine, nina timu, nina biro yenye dirisha. Wale waliocheka hotuba ya yule mtu wa magari, wawili wameniletea wasifu wao wa kazi. Niliwapokea vizuri. Mmoja nilimchukua.

Mama amekaribia pensheni. Hunipigia bado, mambo ya simu yake binafsi, na bado ananiita mudogo.

Kijana wa Likasi, umeuliza pia kama Starlink, intaneti ya setilaiti iliyopata leseni nchini Mei 2025, itakumalizia shida hii. Itakupa kasi, lakini kwa mpango wa kawaida hupewi anwani yako peke yako ya intaneti (IPv4), unashirikiana na wateja wengine, kwa hiyo aliye nje hawezi kuifikia ruta yenu. Faida yake ni kwamba hata direkta akikulazimisha kufungua 3389, haitafunguka. Hasara ni kwamba VPN iliyowekwa kwenye ruta ya biro nayo haitafikika. Chukua seva ndogo ya kukodisha nje ya nchi, ruta ya biro iipigie kwa WireGuard, aina ya VPN, laptopu ya direkta iipigie pia, wakutane hapo. Usiilipe mfukoni mwako, hata ikiwa ni dola chache. Iandike kwenye karatasi ya ukurasa mmoja, direkta atie sahihi, bili iende kwenye fedha, kwake mwenyewe. Ukikwama, niandikie uniambie ruta yenu ni ya aina gani, na kama umeshaondoa AnyDesk, maana nina hakika ipo.