Kabla hujaongeza dozi: kwa wauguzi na matabibu wanaoanza kazi kliniki ya afya ya akili

Mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli, akirudi kliniki bado anasikia sauti, mhudumu mpya huona jawabu ni moja tu: aongeze dozi. Usiharakishe. Mara nyingi utakuta dawa hainywewi, au inanywewa na inamtesa, au haijapewa muda wa kufanya kazi. Katika utafiti wa CATIE uliotolewa Marekani mwaka 2005, wagonjwa karibu 1,500 walianzishiwa dawa mbalimbali. Asilimia 74 waliiacha au kubadilishiwa dawa ya kwanza kabla ya miezi 18. Perfenazini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, haikuzidiwa sana na nyingi kati ya mpya. Kwa hiyo usisikitike kwamba kabati lako lina dawa za zamani tu. Namna unavyozitumia ndiyo itakayombakisha mgonjwa kwenye matibabu.

Anza kwa kutazama miguu. Haloperidoli na flufenazini, dawa mbili kati ya hizo za zamani, zinaweza kuleta hali ya kutotulia iitwayo akathisia. Mgonjwa anakaa, anainuka, anahamisha uzito mguu huu hadi ule, anakwenda mlangoni na kurudi. Ndani anasikia kitu kinamsukuma, na kwa wengine mateso hayo hufika mahali pa kutaka kujiua. Asiyejua huandika kwenye faili "ana fujo", anaongeza haloperidoli, na wiki inayofuata mtu huyo yuko vibaya zaidi. Kuitambua hakuhitaji mashine. Mkalishe dakika mbili, kisha msimamishe dakika mbili mkizungumza mambo ya kawaida, macho yako yakiwa miguuni. Halafu muulize: "Unatembea kwa kutaka, au mwili unakulazimisha?" Mwenye hofu ya maadui atakueleza habari za maadui. Mwenye akathisia atakueleza habari za miguu yake.

Ikiwa ndiyo hiyo, zungumza na daktari dozi ipunguzwe. Propranololi miligramu 10, mara mbili au tatu kwa siku, husaidia wengi, lakini asipewe mwenye pumu wala mwenye presha ya chini. Artane, kidonge cha kupunguza madhara ya dawa hizi, hapa haifui dafu; kazi yake ni kwenye kukakamaa na kutetemeka. Msiigawe kwa kila mgonjwa kama desturi, maana hukausha mdomo, hufunga choo na hupunguza kumbukumbu, na kumbukumbu ni kitu ambacho ugonjwa wenyewe umekwisha kukigusa.

Shingo ikipinda ghafla au macho yakigeukia juu siku za mwanzo za dawa, ndugu watasema amepandwa na majini. Ni misuli iliyokamatwa na dawa. Promethazini miligramu 25 hadi 50 kwa sindano ya msuli huifungua, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Kaa naye muda huo na uwaeleze ndugu kinachoendelea, la sivyo hawatakubali dawa tena.

Sindano ya muda mrefu ya flufenazini, ambayo wengi tunaiita Modecate, hukosewa kwa vitu vidogo. Dawa imo ndani ya mafuta ya ufuta, hivyo bomba na sindano viwe vikavu kabisa. Tone la maji huifanya iwe na ukungu. Tumia sindano ya geji 21. Dozi ya kwanza ni miligramu 12.5 ya kujaribu, kisha kwa kawaida miligramu 25 kila wiki mbili hadi nne. Chagua robo ya juu ya nje ya tako, vuta ngozi pembeni sentimita mbili au tatu, choma kwa kina, sukuma polepole, subiri sekunde kumi, chomoa, ndipo uiachie ngozi. Usisugue. Andika upande uliochoma ili safari ijayo uchome mwingine. Na kumbuka kwamba dawa hii hujijenga mwilini kwa wiki kadhaa. Anayeongeza dozi baada ya wiki mbili ataona madhara mwezi wa tatu na asijue yametoka wapi.

Dawa mbili tofauti zikitolewa kwa dozi ya kutosha, kila moja angalau wiki sita, na kweli zimenywewa, lakini hazikufaa, mpeleke kwenye hospitali yenye klozapini. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1988 ulipima wagonjwa waliokuwa wameshindikana: asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini, na 4 tu kwa klopromazini, dawa ya zamani. Vifo vya Finland mwaka 1975, vilivyotokana na kuporomoka kwa seli nyeupe, ndivyo vilivyoleta sharti la kupima damu, kila wiki mwanzoni. Wengi hukariri habari ya damu wakasahau choo. Kufunga choo kwa klozapini huua. Uliza kila mara: "Mara ya mwisho ulipata choo lini?" Aliyekatisha dawa zaidi ya siku mbili huanza upya kwa miligramu 12.5, hata kama alikuwa anakunywa 300. Na akiacha sigara ghafla, kiwango cha dawa kwenye damu hupanda, hivyo daktari ajulishwe mapema.

Uzito, mzunguko wa kiuno, presha na sukari vipimwe kabla ya olanzapini au klozapini, dawa zinazonenepesha, si baada ya suruali kukataa kufunga. Wagonjwa hawa hufariki mapema kwa miaka 10 hadi 20 kuliko wenzao, na moyo una sehemu kubwa. Madaktari sasa wanazidi kuanzisha metformini, dawa ya kisukari, mapema, miligramu 500 pamoja na chakula kisha kupanda taratibu, baada ya kuhakikisha figo ziko sawa.

Ndugu walio ughaibuni watakuuliza kuhusu Cobenfy, dawa mpya ya skizofrenia iliyoidhinishwa Marekani Septemba 2024. Wajibu kwa ukweli. Ni dawa ya kwanza ya ugonjwa huu isiyofanya kazi kwa kuziba dopamini, kemikali ya ubongo, na haina shida ile ya miguu kwa kiasi kikubwa, ila huleta kichefuchefu na kutapika, na hunywewa mara mbili kwa siku tumbo likiwa tupu. Majaribio yaliyoipa kibali yalikuwa ya wiki tano. Mwaka 2025, ilipojaribiwa kama nyongeza juu ya dawa nyingine, haikufikia lengo kuu la utafiti.

Sauti zikipungua, uliza maisha. Analala saa ngapi? Anakula sahani moja na wenzake au ametengewa yake? Nani anashika pesa yake? Yapo majibu yanayobadilishwa na mazungumzo na familia, si kidonge. Dar es Salaam na Mbeya, mradi wa KUPAA ulijaribu kuwakalisha wagonjwa na ndugu zao pamoja katika vikundi vya kujifunza ugonjwa, na hilo linawezekana hata chini ya mwembe wa zahanati. Wala usiwakaripie waliopita kwa mganga. Utafiti wa Ghana na Nigeria wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa waliokuwa kwa waganga, wahudumu wa afya wakiwafuata hukohuko na kushirikiana na waganga, walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita. Uliza amepewa nini na kama amefungwa minyororo.

Mgonjwa akisema anataka kuacha dawa, msikilize hadi mwisho. Mpe takwimu zote mbili. Tafiti 65 zilizounganishwa mwaka 2012 zilionyesha kwamba ndani ya mwaka, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 27 ya waliobaki kwenye dawa na 64 ya walioachishwa. Na utafiti wa RADAR wa Uingereza, 2023, ulipunguza dozi kidogo kidogo kwa miezi: baada ya miaka miwili asilimia 25 ya waliopunguziwa walikuwa wamerudiwa vibaya, dhidi ya 13 ya walioendelea, na maisha ya kijamii ya waliopunguziwa hayakuwa yameboreka zaidi. Akishikilia uamuzi wake, panga na daktari upunguzaji wa polepole, mwone kila mwezi, na uandike kwenye faili dalili zake mwenyewe za mwanzo, kwa maneno yake: kukosa usingizi siku tatu, kufunga madirisha mchana, kukataa chai ya mama. Namba ya simu ya ndugu mmoja aliyemchagua yeye iwe juu ya ukurasa huohuo.