Ukiona bafa imefurika, usikimbilie kuiongeza

Anayeanza kazi hii akiletewa programu inayoanguka wakati wa kufumua data iliyobanwa, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye ile namba ya ukubwa wa bafa, yaani nafasi ya memori iliyotengwa kuwekea data inayofumuliwa. Ilikuwa 512, anaifanya 1024. Anaijaribu tena kwa faili lile lile, haianguki, anaandika "imerekebishwa" na kwenda zake kula. Kilichobadilika ni kwamba bafa sasa inalienea faili hilo moja. La kesho litamwaga tena.

Sisi hapa Unguja tunashughulika zaidi na vifaa vidogo vya kupimia maji kwenye matangi na visima. Vyengine viko Pemba, huko Wete na Micheweni, na hubana vipimo kabla ya kuvituma kwa laini ya simu, kwa sababu bando linalipiwa. Mtandao ukiyumba, pakiti hufika nusu. Kwa hiyo hata bila ya adui yeyote, data mbovu tunaipokea kila siku. Na kwenye kifaa kidogo kisicho na ulinzi wa memori, bafa ikifurika huenda hakuna kinachoanguka: baiti zilizozidi zinaandikwa juu ya kitu cha jirani, kisha kifaa kinaendelea kutuma vipimo vya uongo kwa utulivu kabisa. Bora ile inayoanguka.

Tazameni LZ4, namna mojawapo ya kubana data, maana inasomeka kwa macho. Kila kipande kinaanza na baiti moja. Nusu yake ya juu inataja baiti ngapi zichukuliwe kama zilivyo. Nusu ya chini inataja ngapi zinakiliwe kutoka zile zilizokwisha kuandikwa, na hiyo huongezwa 4 kwa sababu nakala fupi kabisa ni ya baiti 4. Nusu ikiwa 15, namba haijaisha: soma baiti inayofuata, ijumlishe, na ikiwa ni 255 endelea kusoma. Sasa angalieni baiti hizi, zimeandikwa kwa msingi wa 16, ambapo F ni 15 na FF ni 255:

1F 41 01 00 FF FF FF 00

1F inasema baiti moja kama ilivyo, kisha nakala ya urefu wa 15 unaoendelea. 41 ni herufi A. 01 00 ni umbali wa kurudi nyuma, baiti moja. Halafu 255 mara tatu, na sifuri ya kufunga. 15 na 765 na 4 ni 784. Ukijumlisha ile A, baiti 8 zimezaa 785. Ongeza FF moja katikati, zinakuja 255 nyengine. Bafa ya ukubwa gani itatosha hapo?

Kwa hiyo ukaguzi unakaa pale namba inapoingia, kabla haijatumika kunakili. Tena uwe ndani ya ule mzunguko wa kujumlisha: jumla ikishapita nafasi iliyobaki, simama, rudisha kosa. Ukingoja mzunguko umalize, kwenye mashine ya biti 32 mtu anaweza kukupangia FF 16,843,009, jumla ikafika 4,294,967,295, namba kubwa kabisa inayoingia kwenye biti 32, na kinachoongezwa baada ya hapo kinairudisha kwenye sifuri. Ukaguzi wako utaona namba ndogo na kuipitisha. Mwaka 2014 kasoro za ukoo huu zilitangazwa kwenye LZO, namna nyengine ya kubana, na LZ4, na LZO ilikuwemo ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Linux.

Namna ya kuandika huo ukaguzi nayo ina mtego. Tuseme "hapa" ni pointa, yaani anwani ya memori, ya pale ulipofika kuandika, na "mwisho" ni ya ukingo wa bafa. Wengi huandika hivi:

if (hapa + urefu > mwisho) return KOSA;

Urefu ukiwa mkubwa, pointa yenyewe inazunguka na kurudi kwenye anwani ndogo. Isitoshe, lugha ya C haikubali pointa ivuke bafa namna hiyo, na kompaila, programu inayogeuza kodi kuwa ya mashine, ina ruhusa ya kuufuta mstari wako ikidhani hautakuwa kweli. Andika hivi:

if (urefu > (size_t)(mwisho - hapa)) return KOSA;

Hii ni salama maadamu "hapa" haijawahi kuvuka "mwisho". Ikishavuka, tofauti inakuwa hasi, ikigeuzwa inakuwa namba kubwa mno, na mlango uko wazi.

Umbali wa kurudi nyuma husahauliwa sana, khasa kwa kuwa hauangushi programu. Ukizidi baiti ulizokwisha kuandika, unasoma memori iliyo kabla ya bafa na kuitoa nje kama data halali. Sifuri nayo ikataliwe. Na msibadilishe mzunguko wa kunakili baiti moja moja kuwa memmove, amri ya C ya kunakili kipande chote kwa pamoja, eti ndiyo salama zaidi. Umbali ukiwa mfupi kuliko urefu, kama kwenye mfano wetu, lazima usome baiti ulizoziandika sasa hivi. memmove haifanyi hivyo, na matokeo yatakuwa takataka.

Majedwali ya Huffman, yanayotumika kufumua misimbo ya urefu tofauti tofauti, yana ugonjwa huo huo kwa sura nyengine. Kasoro ya libwebp, maktaba ya kusomea picha za WebP, iliyowafanya watengenezaji wa vivinjari watoe marekebisho ya haraka Septemba 2023 ilitokana na jedwali lililopimwa kwa kudhani faili ni halali; faili batili lilijaza kupita ukingo kabla halijakataliwa. Dawa ilikuwa kupima kwanza, kujaza baadaye.

Mtaambiwa kuna CRC, namba ya kuhakiki kama data haikuharibika. Kwenye faili za gzip, aina nyengine ya data iliyobanwa, CRC iko mwishoni mwa faili, inakaguliwa wakati baiti zimekwisha kuandikwa. Na mwenye nia mbaya anaweza kuikokotoa sawasawa kama wewe.

Kujaribu: jenga kwa -fsanitize=address, chaguo la kompaila linalonasa uandishi nje ya bafa, na bafa ya kutolea iombe kwa malloc, amri ya C ya kuomba memori, kwa ukubwa kamili, ili hata baiti moja ya ziada ionekane. Chukua faili zuri, likate baada ya kila baiti, jaribu vipande vyote. Kisha mwachie AFL, programu inayotunga faili mbovu na kuzijaribu yenyewe, usiku kucha, ukiwa umezima ukaguzi wa CRC kwenye jaribio hilo. Bila ya hivyo karibu kila faili litakataliwa mlangoni na hutapata kitu. Faili lililoleta tatizo liwekwe pamoja na majaribio.

Kabla ya kufunga kazi, tafuta kama kodi ile ile haikunakiliwa pahala pengine. Kwetu kifumuzi kiko kwenye seva na kiko kwenye kifaa, na kiraka cha seva hakijifikishi Micheweni chenyewe.