Paa Kwanza, Kiyoyozi Baadaye: Ushauri kwa Anayejenga Unguja au Pemba

Waliokuwapo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 wanaikumbuka miezi ile ambayo kisiwa kilikaa bila ya umeme wa gridi, na miezi hiyo ndiyo ya kaskazi, yenye joto kali kuliko yote ya mwaka. Wakati ule nilikuwa nimepanga ghorofa ya juu katika nyumba mpya ya zege huko Mpendae, iliyojengwa kwa kutegemea viyoyozi, na usiku ndani hakulaliki. Shangazi yangu wa Bububu, mwenye nyumba ya zamani yenye paa la makuti na madirisha ya mbao pande zote, aliendelea kulala chumbani mwake. Tofauti hiyo ilinifanya niulize mafundi na kusoma, na tulipojenga nyumba yetu Mwera niliupima kila uamuzi kwa swali moja: nyumba hii itakalikaje siku ambayo umeme haupo?

Jibu nililolipata ni kwamba katika visiwa vyetu kazi inakwenda kwa mpango maalumu: kwanza kulikinga paa na jua, pili kuuruhusu upepo umfikie mtu pale alipokaa au alipolala, na mwisho ndipo zije kuta. Wajenzi wengi huugeuza mpango huu. Hutumia fedha nyingi katika kuta, marumaru na vioo, kisha paa huezekwa kwa kilichobakia.

Paa linastahili heshima hiyo kwa sababu jua letu hupita karibu na utosi mwaka mzima. Saa sita ya mchana, mbingu ikiwa safi, kila mita ya mraba ya paa hupokea takriban wati 1,000 za nguvu ya jua, kwa hiyo nyumba yenye paa la mita za mraba 100 huwa imebeba kilowati 100 juu ya vichwa vya wakaazi wake. Bati lililoshika kutu huimeza sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Bati jipya linalong'aa hurudisha mwanga mwingi, lakini lile joto kidogo linalolipata halilitoi kwa wepesi, ndiyo maana hata bati jipya huunguza mkono. Kitu cheupe kina sifa zote mbili: hurudisha mwanga na hutoa joto lake upesi. Kwa paa la zege, chokaa nyeupe inatosha, ikirudiwa kila inapochujuka kwa mvua. Kwa bati, usipake chokaa, kwa sababu haishiki vizuri na ukali wake hula zinki; nunua rangi nyeupe ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mapaa.

Chini ya bati panahitajika dari, na baina ya bati na dari panahitajika hewa inayotembea. Hapa ndipo jua lenyewe linapoweza kufanyishwa kazi. Bati likipata moto, hewa iliyo chini yake hupata moto pia, huwa nyepesi na kupanda. Ukiiachia njia ya kutokea kwenye kilele cha paa au juu ya kuta za pembetatu za pembeni, na ukaacha nafasi kwa hewa ya nje kuingia kupitia upenu, basi kadiri jua linavyozidi kuwaka ndivyo upepo huo wa ndani ya paa unavyozidi kwenda kasi. Hakuna mota wala waya. Nilimtaka fundi wangu aache matundu ya kutosha pande zote mbili, ayazibe kwa wavu wa chuma ili popo na panya wasiingie, na nyongeza ya gharama ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na bei ya kiyoyozi kimoja. Anayeweza aongeze karatasi ya foili chini ya bati, upande unaong'aa ukitazama uwazi wa hewa, kwa sababu joto jingi la bati hushuka kwenye dari kwa mnururisho, yaani kwa mionzi, bila ya kubebwa na hewa.

Paa la zege tambarare, ambalo sasa linapendwa kwa kuacha nafasi ya kupandisha ghorofa, ni tatizo la peke yake. Zege hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha chumbani usiku, saa zile ambazo watu wanataka kulala. Kama ni lazima uwe nalo, lijengee kivuli: paa la pili jepesi, la makuti au la bati, lililoinuliwa ili upepo upite katikati. Utapata na mahali pa kuanikia nguo.

Sasa tuje kwenye mkao wa nyumba. Sisi tuna neema ya kwamba kibla chetu ni takriban kaskazini sawasawa, hivyo hakuna mjenzi asiyejua pande za dunia hata akiwa shambani bila ya dira. Kuta ndefu za nyumba zielekee kibla na kinyume chake, na kuta fupi zielekee mashariki na magharibi, kwa kuwa jua la asubuhi na la alasiri huja chini chini na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba. Baina ya tarehe hizo, katika miezi ya kusi, jua la adhuhuri hukaa upande wa kibla, na katika miezi mingine hukaa upande wa kusini. Upenu wa mita 1 hutia kivuli zaidi ya mita 3 za ukuta wa kusini adhuhuri ya Disemba, lakini hutia kivuli mita 1 na robo tatu tu za ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni. Ndiyo maana nawashauri watu baraza au kipenu wakiweke upande wa kibla. Upande wa magharibi uwekwe choo, stoo na jiko, vyumba ambavyo havilaliwi. Na kwa kuwa kaskazi na kusi zote mbili huvuma zikitokea zaidi mashariki, moshi na joto la jiko vitatoka nje badala ya kupita sebuleni.

Hewa yetu ina unyevu mwingi, na mtu mwenye jasho hupoa pale tu upepo unapoligusa. Kwa hivyo kila chumba cha kulala kiwe na madirisha katika kuta mbili, na kizingiti cha chini cha dirisha moja kiwe usawa wa kitanda, kwa sababu dirisha lililo juu sana hupoza dari na kumwacha aliyelala anatokwa na jasho. Madirisha ya kisasa ya kuteleza ya alumini hufunguka nusu tu ya upana wake. Ya mabawa hufunguka yote. Wavu wa mbu nao hupunguza upepo kwa kiasi kikubwa, hivyo dirisha lenye wavu lazima liwe kubwa zaidi.

Hapo huja hoja ya stara, na ni hoja ya haki. Watu wengi hufunga madirisha mchana kutwa kwa kuwa nyumba ya jirani imekaribia na wanawake wa nyumba wanataka kukaa huru. Wazee wetu walilitatua jambo hili kwa mabawa ya mbao yenye vipande vya mlalo vilivyoinama, vinavyopitisha upepo na kuzuia jicho, na kwa matundu juu ya milango ya ndani, ili chumba kilichofungwa kiendelee kupumua. Mafundi seremala wa kuyatengeneza bado wapo. Ukuta wa kiwanja nao, unaojengwa kwa matofali yasiyo na matundu mpaka usawa wa bati, hukata upepo wote wa chini. Sehemu inayotazama upepo ijengwe kwa matofali ya matundu, yaliyopangwa juu kidogo ya kimo cha mtu na chini ya usawa wa goti.

Kuhusu kuta zenyewe nitasema machache. Wengi hudhani siri ya Mji Mkongwe ni unene wa kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Unene husaidia mchana, lakini ukuta mnene hufanya kazi vizuri zaidi pale usiku unapopoa sana, kama Dodoma, na usiku wetu wa Februari mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 24. Kwa maoni yangu kivuli kimefanya kazi kubwa zaidi: vichochoro vyembamba ambamo nyumba moja huikinga nyingine, na mabaraza mapana kama yaliyolizunguka Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883, ambayo huzuia jua lisiufikie ukuta wenyewe.

Miti ipandwe mashariki na magharibi. Mwarobaini au mwembe unafaa, na matawi ya chini yakatwe ili upepo upite.

Kwa aliyekwisha kujenga na hana fedha za kubomoa, aanze na rangi nyeupe ya paa na matundu ya hewa chini ya bati, kisha mwaka unaofuata ashughulikie madirisha ya chumba cha kulala. Rangi ipakwe baada ya masika, Juni au Julai, paa likiwa limeoshwa ukungu na kukauka vizuri, ili liwe tayari kabla ya joto la Januari. Na kama unavuna maji ya mvua ya kunywa, chagua rangi isiyo na risasi na inayokubalika kwa maji ya kunywa, na mvua za mwanzo za vuli uzimwage kabla ya kuurudisha mfereji kwenye tangi.