Jaza chupa mpaka mdomoni

Wiki hii dada mmoja anayesomea shahada ya uzamili ameniandikia: "Kaka, sampuli zangu za kupimia deuteri nizitie asidi au nizigandishe?" Dada, usifanye lolote kati ya hayo. Asidi waachie wanaopima metali. Deuteri ni haidrojeni nzito iliyo ndani ya maji yenyewe, haiozi. Adui yako ni mvuke.

Swali lako limenikuta na furaha. Majibu ya sampuli zangu za chemchemi za Kilimanjaro yametoka, na nukta zote kwenye grafu zimelala karibu na mstari wa maji ya mvua alioutangaza mwanajiokemia Harmon Craig mwaka 1961: deuteri ni oksijeni-18 (oksijeni nzito) mara 8, jumlisha 10, zote zikihesabiwa kama tofauti na maji ya bahari, kwa kila elfu. Sasa naweza kusema mvua inayolisha kila chemchemi hunyesha kwenye kimo gani, kwa sababu kadiri unavyopanda mlima ndivyo deuteri inavyopungua kwenye mvua.

Sampuli za awamu ya kwanza sikuzifaidi. Zilikuwa kwenye ofisi moja zikisubiri usafiri, mtu akazihitaji chupa, akayamimina maji yangu kwenye chupa za soda, nusunusu, akazipanga dirishani. Molekuli nyepesi zikatangulia kuondoka, nzito zikabaki. Mwinuko wa mstari ukashuka kutoka 8 mpaka karibu 5, kama maji ya bwawa la kiangazi. Hakuna aliyeniomba radhi, na bado inaniuma.

Siku hizi natumia chupa ndogo ya plastiki nene, mililita 30. Naisuuza kwa maji yaleyale ya chemchemi, naizamisha yote, naifungia humohumo chini ya maji. Kisha naipindua mbele ya mwanga. Kiputo cha hewa kikipanda, hata kidogo kama punje ya mtama, nafungua na kujaza upya. Maji ya tope nayachuja papo hapo kwa kichujio cha mikromita 0.45. Nakaza kifuniko, nazungushia utepe, naipima kwenye mizani na kuandika uzito. Kabla ya kuituma maabara naipima tena; ikipungua, imevuja. Muda wote inakaa gizani, penye ubaridi. Jaza, kaza, ficha jua.

Watafiti wenzangu, tunahangaikia ufadhili miaka, tunapanda milima, halafu chupa tunamwachia asiyejua zina nini! Dada, kama zako ziko kwenye ofisi ya mtu, kazichukue kesho asubuhi.