Je, nikimpa mdogo wangu ini, nitabaki na nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Ini la mdogo wangu limeharibiwa na homa ya ini B, na anapelekwa India kupandikizwa. Mimi ndiye nimeombwa nitoe, damu zetu zote ni kundi O. Naambiwa watakata zaidi ya nusu. Nitapona kweli?
Dada mtu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa watu wazima mara nyingi hukatwa upande wa kulia, kama asilimia 60 ya ini. Kinachobaki huanza kukua mara moja, na baada ya miezi michache hukaribia ukubwa wa awali. Mfuko wa nyongo huondolewa pia, nao hauoti tena. Utaishi vizuri bila huo. Hatari zipo, sikufichi: nyongo kuvuja, maambukizi, na mara chache sana mtoaji hufariki.

Kapime homa ya ini B hapohapo Tanga kabla hamjakata tiketi, maana ndugu wengi huipata pamoja wakati wa kuzaliwa au utotoni. Ukiwa nayo, hutatoa. Ini lenye mafuta mengi nalo hukataliwa.

Na moyo ukisita, omba kuonana na daktari peke yako, wajomba na mashangazi wakae nje. Siri yako ataitunza.